Kupanda Uluguru badala ya kulipia jimu: maelekezo ya fundi cherehani wa Morogoro

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko jirani na Soko la Chifu Kingalu, Morogoro mjini. Kazi yangu ni ya kukaa. Ikifika Desemba watu wanataka nguo za sikukuu, nashinda kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka taa za barabarani ziwake, mguu kwenye pedali, shingo imeinama. Mwili wa kazi kama hii lazima utafutiwe mazoezi, ama sivyo mgongo utakudai wenyewe. Wateja wangu, wengi wao walimu na kina mama wa ofisini, wananiuliza nafanya nini siku hizi baada ya kuacha jimu. Napanda mlima. Haya ndiyo maelekezo ninayompa mteja anayesubiri gauni lake lipigwe pasi.

Nianze na suala la mazingira, maana watu wanasema kirahisi mno kwamba kupanda mlima hakuchafui mazingira kama jimu. Jimu niliyokuwa nalipia ilikuwa na kiyoyozi, televisheni ukutani, na mashine za kukimbilia zimepangwa safu moja zikitazama ukuta, na nyuma ya ukuta huohuo ndiko uliko mlima wenyewe. Mashine kubwa ya kukimbilia, mtu akiwa juu yake, hula karibu uniti moja ya umeme kwa saa, pungufu kidogo au zaidi kidogo kutegemea mwendo. Umeme wetu unatoka zaidi kwenye maji na gesi asilia. Hata tukichukulia uniti hiyo yote imetoka kwenye gesi, hewa ukaa yake ni kama nusu kilo. Sasa geukia petroli: lita moja ikiungua inatoa kama kilo 2.3. Yaani ukiwasha gari ukaenda kilomita kumi kwenda kufanya mazoezi ya kijani, umeshachafua kuliko aliyekimbia kwenye mashine kwa muda wa saa nne.

Mtu anayetoka Dar es Salaam Jumamosi na gari lake, peke yake, kuja kupanda Uluguru na kurudi, anaendesha kama kilomita 380. Kwa gari la kawaida hiyo ni kama lita 38, kilo 87 za hewa ukaa. Huyo angebaki jimu kwao, au apande ngazi za ghorofa analoishi, mazingira yangemshukuru zaidi. Akitaka kuja kweli, aje na treni ya umeme ya SGR, ambayo tangu 2024 inafika Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, kisha achukue daladala mpaka mjini. Kanuni yangu ni fupi: mlima uanzie mlangoni kwako, au pale daladala inapokushusha. Kama unaishi Lushoto, Arusha, Mbeya, Iringa au hapa Morogoro, hilo liko wazi. Kama uko mahali tambarare, tafuta kilima, ufukwe, shamba la katani, chochote ambacho miguu yako inakifikia.

Wiki za mwanzo usiende mlimani

Ukikurupuka na kupanda Jumamosi hii, Jumatatu utashuka kitandani kwa kushika ukuta, na mlima hutautaka tena. Anza mjini. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Dakika 150 ni nusu saa mara tano. Nenda kazini kwa miguu, au shuka kwenye daladala vituo viwili kabla. Ukipata mwinuko mdogo, wote ni mali: barabara ya kwenda Kilakala inatosha kabisa kukufundisha kuhema.

Kipimo cha mwendo hakihitaji saa ya mkononi yenye taa. Tembea na mwenzio na zungumzeni. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye kasi nzuri. Ukiweza kuimba pambio zima na kibwagizo chake, kaza mwendo. Ukishindwa hata kumjibu, punguza. Wenye shinikizo la damu, kisukari, matatizo ya moyo au magoti yaliyowahi kuumia wapite kwanza kwa daktari, na wamweleze kwamba wanakwenda kwenye mwinuko, maana "natembea tu" ni maelezo ya kumpoteza.

Baada ya wiki nne hivi, ukiweza kutembea saa moja na nusu bila kukaa chini, uko tayari kwa njia ya Morningside, jengo la zamani lililoko mlimani juu ya mji.

Viatu na mzigo

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa inapopotea. Huhitaji kiatu kipya cha mlimani. Nenda kwenye mitumba, Sabasaba au Mawenzi, mapema siku ya kufungua belo, ukakague kama ninavyokagua kitambaa. Kunja soli: kiatu kipinde pale vidole vinapokunjika, kisipinde katikati ya unyayo. Bonyeza kwa kidole gumba mahali soli inapokutana na ngozi kote kote. Gundi ikiachia hata kidogo, weka chini. Kisha kwaruza soli ya ndani kwa ukucha. Kuna viatu vimekaa kwenye makontena miaka, kwa macho ni vipya kabisa, lakini sponji yake imeshaoza na itamomonyoka kama kitumbua kikavu ukifika nusu ya njia. Mwisho tazama meno ya chini. Tope la Uluguru ni jekundu na laini, mvua ikinyesha linateleza vibaya, na soli iliyolika ni safari ya makalio.

Kiatu kizidi mguu kwa upana wa kidole, kwa sababu ukishuka vidole vinasukumwa mbele. Kata kucha siku moja kabla. Kamba ikaze kwenye kifundo, ilegee kidogo kwenye vidole. Soksi ya nailoni nyembamba ndani, soksi nzito juu yake, na malengelenge utayasikia kwa wengine tu. Utakutana na kina mama wa Kiluguru wakishuka na yeboyebo, wamebeba tenga la mboga kichwani, na watakupita. Usiwaige. Wao wamezaliwa kwenye mteremko huo.

Nguo: tisheti za mpira wa miguu za mitumba, zile za polista, zinakauka haraka kuliko pamba. Pamba ikilowa jasho inakugandia, na ukisimama juu kwenye upepo unatetemeka. Kina mama wanaopenda sketi, nashona sketi pana yenye mpasuo pembeni na suruali nyepesi ndani. Unapanda vizuri na unapita kijijini bila macho kukufuata. Na khanga, tafadhali usiiache. Khanga ni kivuli, taulo, mkeka wa kukalia, pazia la kujisitiri porini, kamba ya kumvutia mwenzio kwenye utelezi, na mkono ukiteguka ni kitambaa cha kuuning'iniza shingoni. Sijaona kifaa cha dukani kinachofanya kazi hizo zote.

Maji beba lita mbili kwenye chupa ngumu inayorudiwa. Maji ya mtoni yanang'aa lakini juu yake kuna watu, mifugo na mashamba, hivyo usinywe bila kuchemsha. Chakula changu ni viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga na kipande cha muwa. Biskuti na juisi za boksi naziacha kwa sababu moja: maganda yake lazima yarudi mjini mgongoni mwako. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini chupa na vifungashio bado vimejaa njiani. Mimi hushona kijifuko kutoka kwenye kiroba cha unga kilichokwisha, kina kamba ya kukaza mdomo, nakitundika nje ya begi. Takataka zangu zinaingia humo, na chupa nitakazookota nikishuka. Ganda la ndizi nalo linarudi, msibishane na mimi. Shamba unalolitupia lina mwenyewe.

Fimbo ni goti la tatu. Usikate mti mbichi. Mpini wa ufagio wa zamani, au wa jembe kama wewe ni mzito, ukate ufike kiwiko chako, chini uuvishe kipande cha tairi kwa misumari miwili.

Njia yenyewe

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa kunapambazuka. Sababu ni jua: upande wa mjini ukifika saa tano, mteremko ule unachoma. Kutoka katikati ya mji fuata Barabara ya Boma ikielekea mlimani. Mwanzo ni wa upole, kivuli cha miti mikubwa, nyumba za zamani za serikali. Hiyo ni ya kupasha mwili joto, kwa hiyo usiikimbilie ingawa utatamani. Ukifika Rock Garden, ambako Mto Morogoro unapita kati ya mawe, simama dakika tano, zungusha vifundo, nyoosha misuli ya nyuma ya mguu, kaza kamba. Kuanzia hapo mlima unaanza kudai.

Namna ya kupanda ni hatua fupi. Watu wa jimu wanakosea hapa kwa sababu wamezoea kusukuma uzito mkubwa mara chache, wanachukua hatua ndefu kama wanaruka mtaro, na baada ya robo saa wamekaa chini. Weka unyayo mzima ardhini, usipande kwa vidole. Mguu wa nyuma uunyooshe kabisa kabla hujahamisha uzito, mfupa ukubebe badala ya msuli. Hicho kisekunde ndicho pumziko lako, na kinarudi kila hatua. Pumua kwa mpangilio, hatua mbili kuvuta, mbili kutoa. Mwinuko ukizidi, hatua moja moja. Mikono isikae mfukoni. Kama mwenzako anahema kuliko wewe, yeye ndiye atangulie na ndiye apange mwendo.

Njiani utaona ardhi inametameta. Ni ulanga, madini ya magamba membamba yanayong'aa; milima hii imejaa ulanga na zamani ulichimbwa. Unapendeza, lakini pale ulipochanganyika na udongo mkavu unateleza sawa na mchanga juu ya saruji, hivyo kanyaga jiwe au mzizi, usikanyage pembeni palipobomoka.

Kisha mashamba: karoti, kabichi, saladi, stroberi, migomba. Njia hizi ni za watu wanaokwenda sokoni. Aliyebeba mzigo ndiye mwenye njia, wewe panda pembeni upande wa mlimani umpishe. Salimia kila mtu, na mkubwa mpe shikamoo yake hata kama pumzi zimekwisha. Usikate kona kupitia kwenye matuta. Kila mguu unaokata kona unafungua mfereji, mvua ikija udongo unashuka. Matuta ya Uluguru pia yana historia. Mwaka 1955 Waluguru waliandamana dhidi ya serikali ya kikoloni iliyokuwa ikiwalazimisha kuyachimba, na mzee yeyote huku atakusimulia akikukaribisha kukaa. Kwa hiyo mtu akikuta umekanyaga tuta lake alilochimba kwa hiari yake, usishangae akikusema.

Anayeanza atafika Morningside kwa saa mbili na nusu au tatu. Ni jengo la mawe la enzi za Wajerumani, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyingine kabisa. Vaa sweta kabla hujasikia baridi. Mji wote uko chini yako.

Vyuma vya mlimani

"Lakini mlimani hakuna vyuma." Hili naambiwa kila siku. Ni kweli, mlima unajenga mapaja, makalio, vigimbi na pumzi; mikono na kifua unavigusa kidogo tu. Basi fidia. Ukifika juu, tafuta jiwe la kimo cha kiuno, weka mikono na upige pushapu kumi, pumzika, rudia mara tatu. Jiwe la kimo cha goti ni la kupanda na kushuka, mguu mmoja mara kumi na mwingine mara kumi. Tafuta ukuta uegemee mgongo, magoti yakunjwe kama umekaa kitini, uhesabu mpaka thelathini. Ukitaka uzito, lita mbili za maji zikigeuka nne una kilo mbili za ziada mgongoni, na ukichoka unazimwaga. Hilo kwenye jimu halipo. Nyumbani katikati ya wiki ongeza siku mbili za pushapu na kunyanyua ndoo, na umekamilisha.

Kushuka ndiko kunakoumiza, na wengi hawalijui. Ukipanda msuli unajikunja, ukishuka unafanya kazi huku unavutwa, na ndiyo maana maumivu yanakuja siku ya pili. Kunja magoti kidogo, usishuke miguu imenyooka. Hatua ziwe fupi zaidi ya zile za kupandia. Penye mteremko mkali, pita kwa upande, kushoto kisha kulia. Fimbo itangulie mbele ya mguu. Na usikimbie, vijana wanashuka mbio wakipiga kelele, nami nimeshona suruali zao nyingi magotini.

Kesho yake tembea tambarare nusu saa. Kulala siku nzima kunakaza misuli zaidi.

Maji, haja na wadudu

Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaolisha mitambo inayoipa Dar es Salaam maji. Ukioga na sabuni kwenye kijito huku juu, kuna shangazi yako Kimara atakayeipata kwenye ndoo. Oga nyumbani. Haja kubwa ikikubana, ondoka mbali na maji, walau hatua themanini, nje ya shamba la mtu, chimba shimo la urefu wa kiganja, fukia. Karatasi inarudi kwenye kijifuko.

Kuanzia kiangazi, kingo za mashamba zina upupu. Ukikugusa, usijikune, maana unausambaza. Kung'uta nguo, bandika seloteipu juu ya ngozi na uibandue, inanyofoa vile vinyweleo; mimi nina seloteipu begini sikuzote, na kazi yangu inanifanya nisiikose. Siafu wakivuka njia, ruka, usisimame kuwatazama. Nyoka akisikia fimbo na miguu huondoka mwenyewe, basi piga fimbo chini kwenye majani marefu.

Masika, Machi hadi Mei, njia inakuwa mfereji. Miezi hiyo mimi hupunguza, naishia Rock Garden na kurudi, mara mbili mfululizo. Ukisikia radi popote, geuka. Weka pia saa ya kugeuka: ikifika saa sita mchana, popote ulipo, unashuka. Giza huku linaingia upesi, na ukungu unaweza kuingia kabla yake.

Usiende peke yako. Mwanamke hasa, nenda na wenzako watatu au wanne, na aliyebaki nyumbani ajue mmepita njia gani na mtarudi saa ngapi. Wenzio wa kupanda usiwatafute mbali: kwaya, kikoba, walimu wa shule moja. Kikundi chetu kilianza kama kikao cha kikoba kilichochelewa kuisha.

Ukishuka, pitia kwa kina mama wa mboga njiani, nunua saladi na karoti ukiwa na kikapu chako. Bei ni nafuu kuliko mjini na pesa inabaki mlimani. Ufikapo nyumbani kwangua tope kwenye soli, maana linabeba mbegu za magugu, osha kiatu kwa brashi, kijaze magazeti na ukianike kivulini. Jua kali linaachisha gundi.

Watu wakishazoea wanauliza Lupanga, kile kilele cha mita 2,138 kinachoonekana mjini. Lupanga si ya mwezi wa kwanza wala wa pili. Iko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, kwa hiyo huendi kama unavyokwenda Morningside. Pita kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu hapa mjini, uliza ada ya siku hiyo, utapewa namba ya malipo, ulipe kwa simu na uombe mwongozaji. Njia ni ya msitu mzito, mizizi na mwinuko ambao mahali pengine unatumia mikono, na ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi. Kipimo changu cha kumruhusu mwenzangu wa kikundi: apande Morningside na kurudi, kesho yake ashuke ngazi bila kushika ukuta. Akiweza hivyo Jumamosi mbili mfululizo, twende tukalipie.